Kutu ya Ngano na Hesabu Isiyokamilika

Mwaka 1726 koloni la Connecticut, Amerika ya Kaskazini, lilitunga sheria dhidi ya kichaka. Kila mji ulipewa mamlaka ya kung'oa baberi popote inapoota. Baberi ni mti mfupi wenye miiba, maua ya manjano na matunda mekundu machachu yanayofaa kwa jemu, na walowezi wenyewe ndio walioubeba kutoka Ulaya na kuupanda kuzunguka mashamba yao. Kosa lake lilikuwa moja: ngano iliyopandwa karibu nao ilishikwa na kutu mapema na vibaya kuliko ngano iliyo mbali. Massachusetts ikatunga sheria ya namna hiyo mwaka 1755, na Rhode Island mwaka 1766. Wakulima hawakuweza kueleza kichaka kinaiumizaje ngano. Walikuwa wameona tu, mwaka baada ya mwaka, na hilo liliwatosha.

Wasomi wengi hawakuridhika nalo. Kwao kutu ilikuwa matokeo ya umande, jua kali au utomvu ulioharibika. Historia ya kutu ya shina la ngano, tangu siku hizo mpaka leo, ni historia ya swali moja lililoulizwa kwa sura nyingi: tunayepambana naye ni nani hasa, na wako wangapi? Kila jibu liliokoa mavuno kwa muda, na kila jibu lilivunjwa na kuvu yenyewe.

Ukiishika ngano iliyougua utaiona kutu bila kioo cha kukuzia. Ganda la shina limepasuka kwa mistari mirefu, na kingo za mpasuko zimeinuka kama kitambaa kilichochanika. Ndani yake mna unga mwekundu wa rangi ya tofali. Pitisha kidole na kitatoka chekundu. Unga huo ni spora, na uvimbe mmoja hutoa maelfu yake kwa siku. Spora moja ikiangukia jani lenye unyevu huota uzi mwembamba unaotafuta tundu la kupumulia la mmea, huingia, na baada ya wiki mbili hivi uvimbe mwingine unapasuka. Maji na chakula vilivyokuwa vinapanda kwenda kwenye suke huliwa njiani. Shina hudhoofika na kulala, na punje zinazobaki huwa nyembamba na zimenyauka. Kuelekea mwisho wa msimu mistari myekundu hugeuka myeusi, kwa sababu kuvu imeanza kutengeneza spora za aina nyingine, zenye ganda gumu la kuvumilia baridi.

Mwaka 1767, baada ya kutu kuangamiza ngano ya Toscana, Waitalia wawili, Felice Fontana na Giovanni Targioni Tozzetti, kila mmoja kwa njia yake, walichunguza unga huo kwa hadubini na kutangaza kwamba ni kiumbe hai kinachoila ngano. Kisha ukaja wakati wa kutoa majina. Christiaan Hendrik Persoon aliiita hali nyeusi Puccinia graminis mwaka 1794. Hali nyekundu ilikuwa na jina lake, Uredo, na vikombe vidogo vya manjano vinavyojitokeza chini ya majani ya baberi wakati wa kuchipua vikaitwa Aecidium. Katika vitabu, basi, viliorodheshwa viumbe vitatu visivyohusiana.

Mwalimu wa shule wa Denmark aitwaye Niels Pedersen Schøler hakuwa na hadubini nzuri wala cheo. Mwaka 1816 alikata matawi ya baberi yenye vikombe vya manjano, akayapeleka kwenye shamba la rai lililo mbali na baberi yoyote, na kuyasugua kwenye mimea michache iliyolowa umande. Baada ya siku chache mimea ile ile aliyoigusa ilishikwa na kutu, na shamba lililobaki likawa safi. Jaribio hilo lilikuwa kamili kwa kadiri jaribio linavyoweza kuwa, na kutosikilizwa kwake ni moja ya dhuluma za sayansi ya mimea. Ilibidi ipite karibu miaka 50 mpaka Anton de Bary, profesa wa Kijerumani, afuate njia yote kwa subira katika miaka ya 1865 na 1866. Alionyesha kwamba spora nyeusi za majira ya baridi, zikiota, hutoa spora nyingine ndogo zisizoweza kuishi kwenye ngano. Hizo huingia kwenye jani la baberi. Na spora za vikombe vya baberi haziwezi kuishi kwenye baberi; hizo hurudi kwenye nafaka. Kuvu moja, wenyeji wawili wasio na undugu wowote, na aina tano za spora. Viumbe vitatu vya vitabuni vikawa kimoja, na mkulima wa Connecticut akapewa haki yake.

Hapo ingeonekana kwamba hesabu imekwisha. Lakini kuvu iliyokuwa imepungua kutoka tatu hadi moja ilikuwa karibu kuongezeka tena.

Mwaka 1889 kutu iliipiga Sweden vibaya, na serikali ikamkabidhi Jakob Eriksson kazi ya kuichunguza. Yeye na msaidizi wake Ernst Henning walifanya jambo ambalo kabla yao halikufanywa kwa mpango: walichukua kutu kutoka kwenye ngano na kuiweka kwenye rai, kutoka rai wakaiweka kwenye oti, kutoka oti kwenye nyasi za mwitu, wakarudia mpaka wakapata jedwali zima la nani anamshika nani. Kwa hadubini Puccinia graminis ilikuwa ile ile kila mahali. Lakini kutu ya ngano ilikataa oti kabisa, na kutu ya oti ilikataa ngano. Mwaka 1894 Eriksson aligawa spishi hiyo moja katika vikundi maalumu, kila kimoja kikibeba jina la mwenyeji wake: tritici ya ngano, secalis ya rai, avenae ya oti, na vingine vya nyasi.

Nadhani huu ndio ugunduzi mkubwa kuliko yote katika habari hii. Mpaka siku hiyo kiumbe kilitambuliwa kwa umbo lake. Eriksson alionyesha kwamba viumbe viwili vinaweza kufanana kwa kila kipimo cha jicho na bado vikawa na maisha tofauti, kwa sababu kila kimoja kimejifunga kwa mwenyeji wake. Mtu huyo huyo aliamini pia kwamba kutu hujificha ndani ya mbegu ikiwa imechanganyika na uhai wa seli, akaitetea nadharia hiyo kwa miaka mingi ingawa haikuwa na msingi. Nadharia ilikufa, na vikundi vyake vinatumika hadi leo.

Kujifunga huko kulizua matumaini. Ikiwa kila kutu ina mwenyeji wake, basi ipo ngano ambayo kutu itaikataa. Huko Cambridge mwaka 1905 Rowland Biffen alionyesha kwamba ukinzani dhidi ya kutu ya manjano, ndugu wa kutu ya shina, hurithiwa kwa kanuni za Mendel, yaani mtafiti wa mbegu anaweza kuuchagua na kuuhamisha kama anavyohamisha rangi ya punje. Lakini palikuwa na hofu. Harry Marshall Ward, aliyewahi kuchunguza kutu ya kahawa huko Ceylon, alipendekeza kwamba kutu inaweza kupita kwenye mmea wa kati, ikazoea kidogo kidogo, kisha ikavuka kumshika mwenyeji ambaye ilikuwa haimwezi. Kama hilo ni kweli, hakuna ngano iliyo salama.

Mwaka 1916 swali hilo liliacha kuwa la maabara. Kutu iliharibu takriban busheli milioni 200 za ngano Marekani na milioni 100 Kanada, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati mkate ulikuwa silaha. Elvin Charles Stakman wa Chuo Kikuu cha Minnesota alikuwa tayari anafanya majaribio. Alikuta kwamba kutu haijifunzi polepole kwenye mmea wa kati. Kilichoonekana kama kuzoea kilikuwa mchanganyiko: ndani ya tritici yenyewe mlikuwa na mbari nyingi, na kila moja ilikuwa na uwezo wake tangu mwanzo. Ngano iliyokuwa ngome mbele ya mbari hii ilikuwa mlango wazi mbele ya ile.

Wakati huo huo Margaret Newton, mwanafunzi kijana katika Chuo cha Macdonald huko Quebec, aligundua kwamba sampuli zake za kutu hazitendi sawa kwenye ngano zile zile. Alikwenda Minnesota kusoma kwa Stakman, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1922, akiwa mwanamke wa kwanza wa Kanada kufika hapo katika sayansi ya kilimo, kisha akajenga kazi nzima ya kutu huko Winnipeg. Alivuta spora kila siku kwa miaka mingi, na mwaka 1945 mapafu yake yalimlazimisha kustaafu mapema. Vitabu vingi humtaja Stakman peke yake. Kwangu, Newton anastahili nafasi sawa.

Njia yao ya kuzitenganisha mbari inastahili kutazamwa kwa karibu. Zilichaguliwa ngano 12, zikiwemo Little Club, Marquis, Kubanka, Vernal na Khapli, zikapandwa kwenye vyungu. Miche ikiwa na jani moja, ilipakwa spora kutoka uvimbe mmoja na kufunikwa usiku kucha ili unyevu usipotee. Baada ya siku 14 hivi mtafiti aliinama na kusoma majani. Palipo na uvimbe mkubwa mwekundu bila jeraha pembeni aliandika 4: ngano imeshindwa. Palipo na uvimbe mdogo uliozungukwa na duara la tishu iliyokufa aliandika 1 au 2. Na mahali pengine aliona kidoa cheupe tu, kidogo kama ncha ya sindano. Hapo seli za ngano zilijiua zenyewe mara tu zilipomtambua mgeni, na kimelea kisichoweza kula isipokuwa seli hai kikafa kwa njaa. Mpangilio wa majibu kwenye ngano zote 12 ndio uliokuwa utambulisho wa mbari. Kufikia mwaka 1922 Stakman na Moses Levine walikuwa wameorodhesha mbari 37. Miaka iliyofuata idadi ikapita 200.

Zilikuwa zinatoka wapi? Jibu lilirudi kwenye kichaka cha mwaka 1726. Mwaka 1927 John Craigie, mwenzake Newton huko Winnipeg, alieleza kazi ya vijichupa vidogo vinavyotoa majimaji matamu juu ya jani la baberi. Nzi hunywa utamu huo na kubeba chembe kutoka kijichupa kimoja hadi kingine. Huo ndio ujamiiano wa kuvu. Kwenye ngano kutu hujinakili tu, lakini kwenye baberi mbari huchanganya urithi, na watoto hutoka na uwezo ambao wazazi hawakuwa nao. Kampeni ya kung'oa baberi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1918 ilikuwa sahihi kuliko waanzilishi wake walivyojua. Watoto wa shule waliandikishwa kutafuta vichaka, vibarua walimwaga chumvi na mafuta ya taa kwenye mizizi, na mamia ya mamilioni ya baberi yaliteketezwa. Hata hivyo kichaka kimoja kilichosalia kilitosha kuleta balaa. Mbari iliyopewa namba 15B ilionekana kwanza mwaka 1939 karibu na baberi huko Iowa, ikakaa kimya, na mwaka 1950 ikasambaa. Mwaka 1953 na 1954 iliharibu zaidi ya nusu ya ngano ngumu ya tambi katika majimbo ya kaskazini.

Sababu ya ndani ya kufungamana huku ilipatikana kwenye mmea mwingine. Harold Henry Flor, akifanya kazi North Dakota tangu miaka ya 1930, alizalisha machotara ya kitani na machotara ya kutu ya kitani, akafuata urithi wa pande zote mbili kwa pamoja. Aligundua kwamba kila jeni ya ukinzani katika mmea ina jeni yake ya pili katika kuvu. Mmea haumtambui adui kwa ujumla. Jeni moja hutambua alama moja. Kuvu ikipoteza alama hiyo, au ikiibadilisha, jeni ile hubaki haina kazi, hata kama mmea wenyewe haujabadilika kwa lolote. Kwa kutu ya shina la ngano, alama mbili za namna hiyo zilipatikana kwa majina yao ya kimaabara mwaka 2017, AvrSr35 na AvrSr50, na hesabu ya Flor ikathibitika.

Nyanda za juu za Kenya ziliingia katika habari hii mapema. Mlowezi Lord Delamere alipolima ngano Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, kutu iliifyeka, akalazimika kugharimia mwenyewe kazi ya kutafuta mbegu zinazostahimili. Mwaka 1927 kikaanzishwa kituo cha serikali cha kuzalisha mbegu za ngano hapo hapo Njoro. Hakuna mahali pazuri zaidi kwa kazi hiyo, kwa sababu hakuna mahali pabaya zaidi kwa ngano. Hakuna baridi ya kuua kutu, mvua hupishana kati ya kata na kata, na mwaka mzima kuna shamba la kijani mahali fulani. Mbegu iliyosimama Njoro ilikuwa imejaribiwa kweli. Norman Borlaug, mwanafunzi wa Stakman aliyepelekwa Mexico mwaka 1944, alizitumia ngano za Kenya katika machotara yake. Jina la Kentana, moja ya mbegu zilizotoka huko, limeunganisha Kenya na Mentana, ngano ya Kiitalia. Mapinduzi ya Kijani, yaliyokua kutokana na kazi hiyo ya Borlaug, yana damu ya Njoro ndani yake, na jambo hilo halisemwi vya kutosha.

Baadaye watafiti walipata jeni moja kutoka kwa rai, Sr31, iliyokuja na kipande kizima cha kromosomu ya mmea huo. Kipande hicho kilikuwa na jeni dhidi ya kutu ya shina, kutu ya majani na kutu ya manjano, na kiliongeza mavuno pia. Kwa zaidi ya miaka 30 hapakuwa na mbari iliyoweza kuishinda Sr31. Ngano zake zikaenea kutoka Asia hadi Amerika ya Kusini, vituo vingi vikapunguza kazi ya kutu ya shina, na kizazi cha watafiti kikakua bila kuiona shambani.

Mwaka 1998, katika kituo cha Kalengyere, kusini magharibi mwa Uganda, ngano zenye Sr31 zilionekana zimejaa uvimbe mwekundu. Mtafiti wa Uganda William Wagoire alihakikisha jambo hilo halipuuzwi. Sampuli za mwanzo wa 1999 zilifika Afrika Kusini kwa Zacharias Pretorius, ambaye pamoja na wenzake alitangaza mwaka 2000 kwamba ngome imevunjwa. Mbari hiyo ikajulikana kama Ug99, na kwa utaratibu mpya wa ngano 20 za kupimia ikaandikwa TTKSK. Ilionekana Kenya muda mfupi baadaye, Ethiopia mwaka 2003, Sudan na Yemen 2006, Iran 2007, na mwaka 2009 ikathibitishwa Tanzania. Borlaug, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, alisafiri na kupiga kelele mbele ya serikali na wafadhili, na mwaka 2005 mpango wa kimataifa ukazinduliwa Nairobi. Maelfu ya mbegu kutoka duniani kote yakaanza kupandwa Njoro kila msimu ili yashambuliwe. Nyingi zilianguka.

Na kuvu haikusubiri. Jeni Sr24 ilishindwa mwaka 2006, na mwaka 2007 ngano iitwayo Kenya Mwamba, iliyoitegemea, ilipigwa mashambani. Mkulima aliyekuwa amenunua mbegu yenye ukinzani alijikuta amenunua ukinzani dhidi ya jana.

Kilichokuwa kimebaki fumbo ni asili ya Ug99. Mwaka 2019 kundi la watafiti wakiwemo Melania Figueroa na Peter Dodds wa Australia walisoma urithi wake wote. Kila seli ya kutu kwenye ngano ina viini viwili vinavyoishi pamoja bila kuungana. Walikuta kwamba kiini kimoja cha Ug99 ni karibu sawasawa na kiini kimoja cha mbari kongwe ya kusini mwa Afrika, ile iliyoonekana Australia mwaka 1954. Hapakuwa na dalili ya baberi wala ujamiiano. Kutu mbili zilizoishi kwenye mmea mmoja ziligusana nyuzi, zikabadilishana kiini kizima, na mbari mpya ikazaliwa. Wazo hilo liliwahi kupendekezwa zamani kwa majaribio ya ndani ya nyumba ya kioo, lakini wengi hawakudhani lina uzito shambani. Sasa inabidi kuhesabu kila mahali ambapo mbari mbili zinakutana kwenye jani moja.

Njoro wanaendelea kukata mashina yenye uvimbe, kuyakausha na kuyafunga kwenye bahasha. Sehemu yake hupelekwa maabara za Minnesota na Kanada, ambazo kwa miaka mingi zilizifungua wakati wa baridi kali tu, ili spora ikitoroka isikute ngano hai nje. Mwaka 2014 bahasha hizo zilileta mbari iitwayo TTKTT, iliyoishinda pia jeni SrTmp iliyokuwa inailinda Robin, ngano mpya iliyopendwa sana na wakulima wa Kenya. Watafiti wa mbegu sasa hawatoi mbegu yenye jeni moja kubwa kama wanaweza kuepuka. Wanazipanga kadhaa pamoja, na chini yake wanaweka Sr2, ambayo Edgar McFadden aliitoa kwenye ngano ya kale ya emmer huko South Dakota katika machotara aliyoanza mwaka 1916. Sr2 haizuii kutu kabisa. Huichelewesha tu, uvimbe ukawa mchache na mdogo. Katika miaka yote hii, pamoja na mbari zote zilizohesabiwa, bado haijapatikana moja iliyoishinda.